Kocha amekufunga pointi 52, kisha anakusifia

Jumatatu asubuhi, kwenye kijiwe cha kahawa nyuma ya soko la Majengo hapa Dodoma, hakuna aliyekuwa anabishana kuhusu matokeo. Matokeo yalishamezwa tangu Jumamosi jioni: 97 kwa 45. Vijana wetu wa mtaani, pamoja na wawili watatu wanaosoma UDOM, walikutana na wageni kutoka Dar es Salaam kwenye mchezo wa kirafiki wa kikapu pale Chinangali, na kilichotokea kilitegemewa na kila mtu isipokuwa mama mmoja muuza karanga ambaye mwanawe ndiye namba nne wetu. Kilichokuwa kinachemka kijiweni kuliko kahawa yenyewe ni maneno ya kocha wa wageni.

Baada ya filimbi ya mwisho alipewa kipaza sauti. Akaanza na “Mbukwenyi!” Watu wakacheka na kumpigia makofi, maana mgeni aliyejifunza salamu ya Kigogo ameshafunguliwa mlango. Kisha akamshukuru Mungu kwa ushindi. Akasema wapinzani walikuwa wazuri, vijana wana moyo, wakikaza mazoezi watafika mbali. Makofi yakafifia. Nyuma yangu kijana mmoja akaguna: “Bora angetutukana.”

Kijiweni dereva mmoja wa bodaboda alishikilia kwamba tumedharauliwa. Mwalimu mstaafu, ambaye hakosi pale kila asubuhi na gazeti lake la jana, aliuliza tulitaka mgeni wa watu aseme nini, kwamba sisi ni wabovu? Fundi viatu hakujali maneno kabisa. Yeye alikuwa na hasira na robo ya nne, pale wageni walipoendelea kuwakaba vijana wetu uwanja mzima huku wakiongoza kwa zaidi ya pointi 40. Ukiwasikiliza kwa haraka utadhani wanabishania jambo moja. Ni mambo matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja: ukubwa wa pengo, namna lilivyopatikana, na kauli iliyofuata. Yakiachwa yamefungwa hivyo, birika litaisha na ubishi utabaki.

Nianze na pengo, kwa sababu hapo ndipo mazoea yetu yanatuponza. Wengi wetu tumejifunza kuhesabu aibu kwa mpira wa miguu. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake Mbrazil, Robertinho, na mpaka leo mtu wa Yanga akikuonyesha kiganja kilichofunguka huhitaji mkalimani. Mtu wa Simba naye ana jibu lake, 5-0 ya Mei 2012, na wazee wao wanapanda juu zaidi mpaka 6-0 ya mwaka 1977. Mabao matano yanatunzwa miaka na miaka kama hati ya kiwanja. Mtu aliyelelewa na hesabu hizo akisikia 52 anaona kama kuna aliyeuawa.

Kikapu kina hesabu nyingine. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la dunia, mchezo una robo nne za dakika kumi kumi, yaani sekunde 2,400. Timu yenye mpira ina sekunde 24 za kurusha. Zikiisha bila mtupo wa kugusa ringi, mpira unakwenda kwa wapinzani. Gawanya mwenyewe. Hata timu zote mbili zikiamua kuburuta miguu mpaka sekunde ya mwisho ya kila shambulizi, bado kutakuwa na mashambulizi kama 100, hamsini kila upande. Kwa mwendo wa kawaida yanazidi hapo. Sasa chukua mchezo ambao kila timu imeshambulia mara 80. Moja inafunga kwenye nusu ya mashambulizi yake, nyingine kwenye robo. Hapo ni 80 kwa 40, bila mtupo hata mmoja wa pointi tatu, bila mtupo huru, ule wa adhabu ya faulo, na bila mtu kumwonea mwenzake. Tofauti ya uwezo ambayo kwenye soka ingeishia 2-0, huku inarudiwa mara 80.

Na mpira haufichiki. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. James Naismith alipoubuni mchezo huu Springfield, Marekani, mwaka 1891, hakuweka saa ya aina hiyo, na timu iliyokuwa mbele iliweza kuushika mpira na kupasiana tu. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19-18 kwa mtindo huo, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mwaka 1954 NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ikaleta saa ya sekunde 24, Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, akiwa kinara wa kuipigania. Saa ile iliuokoa mchezo, lakini iliondoa pia njia ya heshima ya kusitisha kipigo. Kwenye soka ukiongoza 4-0 unaupeleka mpira kwenye kibendera cha kona, na golikipa analala chini akishika goti ambalo halijaguswa na mtu. Kwenye kikapu sheria inakurudisha kila mara kwa mtu aliyekwisha kuanguka na kukuambia umpige tena.

Aliyeieleza hali hii vizuri kuliko wote alikuwa kocha aliyekerwa. Tarehe 2 Agosti 2012, kwenye Olimpiki ya London, Marekani iliifunga Nigeria 156-73. Pengo la pointi 83. Carmelo Anthony peke yake alipata pointi 37 ndani ya dakika 14. Kocha wa Marekani, Mike Krzyzewski, alipoulizwa kama walidhamiria kuwadhalilisha Wanigeria, hakuficha kwamba swali lilimuudhi, akaanza kuorodhesha alichofanya: LeBron James na Kobe Bryant hakuwatumia kipindi cha pili, Anthony alimkalisha benchi, robo ya nne hawakupiga mashambulizi ya kukimbia, na walilinda kwa zoni, kila mchezaji akilinda eneo lake badala ya kumfuata mtu. Akaongeza kwamba lazima urushe kila baada ya sekunde 24, na mitupo waliyorusha ilikuwa inaingia tu. Naamini alikuwa anajitetea, na kujitetea si kosa. Lakini ukiisoma orodha yake utaona kwamba karibu kila kitu ambacho kocha anaweza kufanya ili kupunguza maumivu kimo humo, na bado zilifika 156.

Pengo kubwa pia si mtabiri mzuri. Rekodi ya NBA iliwekwa tarehe 2 Desemba 2021, Memphis Grizzlies, timu ileile iliyomchukua Hasheem Thabeet wetu akiwa chaguo la pili kwenye uteuzi wa chipukizi wa mwaka 2009, ilipoifunga Oklahoma City Thunder 152-79. Pointi 73. Nyota wa Memphis, Ja Morant, hakucheza siku hiyo. Shai Gilgeous-Alexander wa Thunder naye hakuwepo. Kocha wa Thunder, Mark Daigneault, alibaki kazini, na Juni 2025 yeye na Gilgeous-Alexander wakatwaa ubingwa. Nigeria nayo, miaka tisa baada ya ile 83, iliifunga Marekani 90-87 kwenye mchezo wa kirafiki mjini Las Vegas. Simwambii mtu ajipe moyo. Nasema tu kwamba anayesoma hadhi ya timu kwenye pengo la jioni moja anasoma kitabu kwa kuangalia jalada la nyuma.

Sasa la fundi viatu, ambalo mimi naliona gumu kuliko yote. Kuongoza ni jambo moja, kuendelea kukaba uwanja mzima unapoongoza kwa 40 ni jambo jingine. Kwa wasioujua mtindo huo: badala ya kurudi nyuma na kuwasubiri wapinzani karibu na ringi yako, unawabana tangu wanapoingiza mpira chini ya ringi yao wenyewe, ili wasivuke nusu ya uwanja ndani ya sekunde nane zinazoruhusiwa. Ni silaha ya kuiba mipira, na timu isiyo na mshika mpira mzuri inageuka kuku aliyeingia jikoni. Zile pointi za robo ya nne zilipatikana hivyo, kwa mipira iliyoporwa hatua mbili kutoka kwenye ringi yetu.

Kuna wakati kocha anafanya hivyo kwa sababu anahesabu. Kwenye makundi ya FIBA, ushindi unakupa pointi 2, kufungwa pointi 1, na kupewa kipigo cha mezani kwa kutofika uwanjani sifuri. Timu zikilingana kwa pointi, yanaangaliwa kwanza matokeo baina yao, halafu tofauti ya vikapu kwenye michezo hiyohiyo. Tuseme, kwa mfano tu, Dodoma inaifunga Singida kwa 6, Singida inaifunga Tabora kwa 10, na Tabora inaifunga Dodoma kwa 25. Kila mmoja ameshinda mara moja na kufungwa mara moja. Ukipiga hesabu, Tabora ina 15 juu, Singida ina 4 juu, na Dodoma ina 19 chini. Wawili wanasonga mbele, sisi tunapanda basi kurudi nyumbani. Lakini kama Tabora ingetufunga kwa 5 tu badala ya 25, Singida ingeongoza kwa 4 juu, sisi tungefuata na 1 juu, na Tabora ndiyo ingefungasha, ikiwa 5 chini. Zile pointi 20 za mwishoni, ambazo watu wa jukwaani wanaziona za uonevu na nusu yao wameshaondoka kuwahi daladala, ndizo zilizopanga nani anabaki. Kocha wa Tabora ambaye angeacha kukaba kwa huruma angefukuzwa, na kwa haki.

Hesabu hiyo haikuwepo Chinangali. Ulikuwa mchezo wa kirafiki, hakuna kundi, hakuna wa tatu anayelingana na mtu. Kwa hiyo utetezi huo kwa kocha wetu mgeni haufai. Lakini upo mwingine, ambao fundi viatu hakuuona kwa sababu alikuwa anaangalia ubao wa matokeo. Kuanzia katikati ya robo ya tatu wageni walikuwa wameshawatoa wachezaji wao watano wa kwanza. Waliokaba kama wamechomwa na siafu robo ya nne ni wa benchi. Mtoto wa miaka 18 aliyekaa benchi msimu mzima akisambaza chupa za maji, leo amepewa dakika kumi, ametoka Dar na treni mpaka Dodoma, na wewe unataka aambiwe asikimbie? Kwake huo nao ni udhalilishaji, na hakuna shabiki wa kumtetea.

Nimelipima hili kwa siku kadhaa na bado naona kocha alikosea, ila kosa lake ni dogo kuliko kijiwe kilivyolikuza. Kijana arushe, akimbie, adanki akiweza. Lakini kukaba uwanja mzima hakutokani na njaa ya kijana, kunatokana na maelekezo ya kocha, na maelekezo hayo yalikuwa ya kuondolewa robo ya tatu. Wageni wangeshinda kwa 35 na fundi viatu angelala vizuri.

Marekani, ambako mambo haya yamejadiliwa mpaka yakachosha, sehemu nyingi ligi za shule zinaacha saa iende bila kusimama pengo likifika kiwango fulani, ili mchezo uishe upesi. Hata hivyo Januari 2009 timu ya wasichana ya Covenant School ya Dallas iliifunga Dallas Academy 100-0. Dallas Academy ni shule ndogo ya wanafunzi wenye matatizo ya kujifunza. Mapumziko ilikuwa 59-0. Uongozi wa Covenant ukaomba radhi hadharani. Kocha wao akaandika kwamba haafikiani na radhi hiyo, kwamba wasichana wake walicheza kwa heshima na uadilifu. Akaondolewa kazini. Angalia mpangilio wa mambo: baada ya pointi 100 aliendelea na kazi kwa siku kadhaa. Kauli ndiyo iliyotangulia kuondoka kwake.

Ndiyo maana nimeyaacha maneno mwisho. Makocha wetu wana dua yao ya baada ya mchezo, na yeyote anayefungua redio Jumapili jioni anaijua kwa moyo: tunamshukuru Mungu, mchezo ulikuwa mgumu, wapinzani walikuwa wazuri, tumetumia nafasi tulizopata. Ni adabu tu, kama kumwambia mwenyeji chakula kilikuwa kitamu. Baada ya 71-68 maneno hayo yanakaa vizuri, kwa sababu wapinzani kweli walikuwa wazuri na kila aliyekuwepo ameona. Yahamishe yalivyo, bila kubadilisha silabi, uyaweke baada ya 97-45. Watu wote uwanjani wameona kwamba wapinzani hawakuwa wazuri. Sasa msikilizaji ana njia mbili: aamue kwamba kocha anadanganya, au aamue kwamba anaongea nao kama mtu mzima anavyomsifia mtoto aliyemletea picha ya ng'ombe mwenye miguu mitano. “Vijana wana moyo” ndiyo inayochoma zaidi. Sijawahi kusikia mshindi akisifiwa moyo. Moyo wanapewa waliokosa vingine.

Mwalimu mstaafu ana haki kwamba yule mgeni hakukusudia ubaya. Pengine hakuwa akiongea na sisi kabisa. Kocha mwenye kipaza sauti anaongea na watu wengi ambao hawapo: wachezaji wake, asiwavimbishe vichwa, viongozi wa klabu, wasimwone ana majivuno, timu atakayokutana nayo wiki ijayo, isipate kauli ya kubandika ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kwa hao wote, kauli laini isiyo na ladha ndiyo salama. Sisi wa Chinangali tulikuwa tumesimama tu njiani inapopita.

Lakini kwa nini “bora angetutukana”? Nilidhani ni hasira za ujana, mpaka nilipoifikiria kwa jicho la hapa kwetu. Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Inasimuliwa kwamba chanzo chake ni misafara ya karne ya 19 iliyopita Ugogo kati ya Tabora na pwani, ikilipa hongo, yaani ushuru wa wenyeji, ili ipate maji na njia. Watu waliozoea kugombana kila msimu wakaishia kuzoeana. Mtani anakutukana hata msibani, mbele ya jeneza, na humchukulii hatua, kwa sababu kesho ni zamu yako. Magazeti yanapoandika Simba na Yanga kuwa watani wa jadi hayatafuti madoido. Yule anayekuonyesha vidole vitano anakubali kwamba wewe ni mtu wa kushindana naye, kwamba siku moja utamwonyesha na wewe. Mtani haonewi huruma. Ukianza kumhurumia mtani wako, utani umekufa, na kilichobaki ni mkubwa na mdogo. Kijana yule nyuma yangu alikuwa anadai cheo: tuhesabu kama wapinzani, hata kama ni kwa matusi.

Matusi nayo yanataka uhusiano, tusidanganyane. Kabla ya Marekani kucheza na Angola kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, mchezaji wa Marekani Charles Barkley alisema hajui lolote kuhusu Angola ila anajua Angola ina matatizo. Ikawa 116-48. Angola ile ilikuwa bingwa wa Afrika, na mpaka mwaka 2013 ilikuwa imelitwaa taji hilo mara 11. Waafrika wengi wa kikapu walikuwa wamezoea kupigwa nayo. Yule Mmarekani hakuwa mtani wao. Hawakuwa na kesho ya kumrudishia, kwa hiyo maneno yake, hata yakichekesha, yalikuwa dharau tupu. Hata ukimya una sauti: inaelezwa kwamba kocha wa Marekani, Chuck Daly, hakuomba mapumziko hata mara moja katika mashindano yote yale. Hakuna mahojiano yanayosema zaidi ya hapo.

Kuna upande wa pili wa shilingi, nao nitaupitia haraka kwa sababu ni rahisi: kocha aliyefungwa vibaya, halafu akaongea. Wageni wakipigwa hapa, hawakosi kuutaja upepo wa Dodoma. Ni kweli upepo upo, na kwenye uwanja wa wazi mtupo wa mbali unayumba. Ila unavuma kwa timu zote mbili, na mapumziko wanabadilishana magoli. Wengine wanataja mwinuko. Mji huu uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hii si Addis Ababa. Mashabiki wa mshindi wanakasirika kwa sababu kisingizio kinawapora: tumeshinda sisi au umeshinda upepo? Lakini kocha huyo kwa kawaida anaongea na tajiri wake, na aliyekumbuka siku mbili za Robertinho hawezi kumlaumu sana.

Tulikuwa tumefika hapo, kahawa ya tatu, mama muuza karanga alipopita na beseni lake. Mwalimu akamwita, akamuuliza kwa heshima zote, yeye mzazi wa mchezaji, angependa kocha yule aseme nini. Hakufikiri sana.

“Angesema tu namba nne alikosa mitupo huru sita. Mimi niliihesabu. Angeitaja na yeye, ningejua alimtazama mwanangu.”

Dereva wa bodaboda alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Mama alikuwa ametaja kitu ambacho sisi tuliokuwa tunafumua kanga tangu saa moja asubuhi hatukukigusa. Sifa ya kocha haikuwa na anwani. Ingeweza kusemwa Kondoa, Mpwapwa, popote, na mtu aliyekaa ndani ya basi lenye vioo vya giza mchezo mzima. Orodha ya Krzyzewski, pamoja na ukali wake, inahesabika: fulani sikumchezesha, fulani nilimtoa, robo ya nne tulifanya hivi. Unaweza kuibishia. Huwezi kubishana na “wana moyo”.

Mwalimu akaandika mitupo huru sita pembeni mwa gazeti lake, sijui kwa nini. Fundi viatu akarudi kwenye robo ya nne, kama kawaida yake. Mimi nikakumbuka jambo ambalo sikulisema pale kijiweni.

Mwaka juzi tulikwenda wilaya moja ya jirani, tukawafunga wenyeji kwa pointi 38. Kocha wetu akapewa kipaza sauti. Akamshukuru Mungu, akasema wapinzani walikuwa wazuri, vijana wana moyo, wakikaza mazoezi watafika mbali. Katika watu wote tuliotoka Dodoma na basi lile hakuguna hata mmoja. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikapiga makofi.